Pembe Iliyokunjwa

Nyumbani, 4 Februari

Mume wangu Maneno,

Umefika salama? Dereva wa basi ameniambia ulisinzia njia nzima umekumbatia boksi la picha kama mtu aliyebeba mayai. Haya, umeshasinzia vya kutosha. Ukikaa mbele ya mhariri fumbua macho yote mawili, maana hawa watu wa vitabu wakikusifia sana ujue kuna wanachokitaka.

Mimi huku nazunguka na nakala za picha kama tulivyopanga, nawasomea watu maneno uliyowaandikia chini ya picha zao kitabuni. Mfyatua matofali alisikiliza mpaka mwisho akauliza, "Haya yote nimeyasema mimi?" Nikamwambia ndiyo, tena kwa kinywa chako. "Basi nina akili kuliko mke wangu anavyodai," akasema, na hakuniachia mpaka nilipomsomea na huyo mke. Fundi viatu ana sharti moja, utoe neno "mzee". Anasema aandikwe fundi tu, uzee atautangaza mwenyewe siku akiamua.

Muuza nafaka amekataa katakata. Nilipompa picha yake alichekelea weee, kisha akaisogeza karibu na macho, akaona kidole gumba chake kimelala juu ya mizani. Wewe na mimi tumeitazama picha ile mara ngapi, na hakuna aliyekiona! "Kunja," akaniambia. "Kunja sasa hivi nikiona." Nikaikunja pembe ya juu mbele yake, nikaupiga mkunjo kwa ukucha, roho yake ikatulia. Akanipa na maharage ya kupika. Sijui aliyapima kwa kidole au bila kidole.

Basi hiyo imetoka kitabuni. Sheria ni sheria, na uliitunga wewe siku ile kinyozi alipotufukuza na wembe mkononi: mwenye picha akikataa, pembe inakunjwa, na pembe iliyokunjwa haijadiliwi. Nilitaka kuiweka kwenye kopo la biskuti pamoja na nyingine zilizokunjwa, lakini kopo silioni. Nimepekua chumba cha giza chote mpaka nyuma ya madishi ya dawa za kusafishia picha. Hukuliona? Unajua kwa nini nauliza. Mle ndani kuna picha ya mama.

Mama anaendelea vizuri. Nywele zimeanza kuota, laini kama za mtoto mchanga, ila hakuna anayeziona zaidi yangu ninapompaka mafuta. Kilemba anakipiga pasi mwenyewe mpaka kinasimama. Jana alimtoa nje mgeni aliyeingia chumbani bila kubisha, akamwambia arudi mlangoni aanze upya. Kazi ya hospitali amestaafu, umatroni bado.

Usikae na njaa.

Mkeo,
Picha


Mjini, 11 Februari

Mke wangu Picha, jicho langu,

Barua yako nimeisoma nikicheka peke yangu mpaka mwenye nyumba akaja kuchungulia. Kidole gumba! Hicho nitakikumbuka mpaka nazeeka. "Mzee" wa fundi viatu nimeshamfuta.

Kopo usilitafute, ninalo mimi. Siku ya kuondoka, kwa haraka, nilisomba kila kilichokuwa mezani, na lenyewe likaingia kwenye mfuko wa nguo. Liko chini ya kitanda changu, limefungwa, halijaguswa.

Mhariri ametupokea vizuri kuliko nilivyotarajia. Anasema hajawahi kuona watu wa kawaida wakitazamwa kwa heshima namna hii. Anazisifia picha zako, nami nakaa pale nimevimba kama vile nimezipiga mimi. Jaladani watawekwa wafyatua matofali, wale walio mbele ya tanuri. Bado wanabishana kidogo, mmoja anataka sura moja tu, ya mtu mmoja, lakini hayo niachie mimi.

Mama msalimie sana. Hivi, kuhusu ile picha yake, bado msimamo ni uleule? Nauliza tu.

Wako wa siku zote,
Maneno


Nyumbani, 19 Februari

Maneno,

Unauliza tu. Mtu haulizi tu kuhusu jambo lililokwisha.

Ngoja nikukumbushe, maana mji unasahaulisha. Mama alipotoka hospitali, dawa zimemmaliza nywele, sisi tuliondoa vioo vyote vya nyumba hii tukidhani tunamsaidia. Akaniita, akasema, "Nipige picha. Nataka kujiona kama daktari anavyoniona." Akakaa ukingoni mwa kitanda, kichwa wazi, mikono magotini, akanitazama. Nikampiga. Ilipokuwa kwenye kamba inakauka, wewe ulisimama mbele yake ukasahau chai yako mkononi, ukasema ni picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga. Ni kweli, sikatai. Nilipompelekea mama aliitazama kwa kirefu, akasema, "Ndiyo mimi. Sasa kunja, hii ni ya macho yetu." Nikaikunja palepale.

Mama alitawala wadi maisha yake yote. Madaktari walikuwa wanafunga vifungo vya makoti wakisikia viatu vyake. Kitu kimoja tu ameniomba katika ugonjwa huu, na ndicho hicho. Kwa hiyo msimamo ni uleule, na mimi nikifa msimamo utabaki uleule.

Kopo mpe dereva wa basi anirudishie, usingoje kuja nalo. Nitamngojea kituoni.

Picha


Mjini, 2 Machi

Kwa Mpiga Picha,

Heshima kwako, bibi. Hatujaonana lakini nahisi nakufahamu kwa kutazama kazi yako.

Mumeo aliahidi kukuletea karatasi hii ya jalada mwenyewe, ila naona ana mambo mengi nami mitambo inaningoja. Nimeona niitume moja kwa moja. Tafadhali tia sahihi nyuma uirudishe, kwa kuwa picha ni mali yako na bila sahihi yako sina ruhusa ya kuchapa hata ukurasa mmoja. Wafyatua matofali walikuwa wazuri, lakini uso wa mama huyu umewanyamazisha watu wote ofisini. Gazeti nalo limeiomba, tumewapa watangulie kuitangaza.

Maneno ya chini ya picha, kama utakavyoona, ni yake mwenyewe mama, mumeo alimnukuu. Yamenigusa sana.

Wako mtiifu,
Mhariri


Nyumbani, 4 Machi

Wewe,

Nimepokea karatasi ya jalada. Nimeketi nayo jikoni mlango nimeufunga, mama asije akaingia.

Nimesoma yaliyoandikwa chini ya uso wake. "Sina cha kuficha tena." Lini alisema hayo? Alimwambia nani? Nimekaa na mama huyu tangu aliponizaa, sijawahi kusikia sentensi hiyo ikitoka mdomoni mwake, na leo imechapwa ndani ya alama za kunukuu!

Dereva nimemngojea kituoni mara mbili kwa ajili ya kopo. Kumbe nangojea kopo tupu.

Niambie kuna makosa. Niambie mhariri ni mwizi, ameingia chumbani kwako akavunja. Chochote utakachosema nitakisikiliza, ila kiseme upesi, na uliambie gazeti liache.


Mjini, 9 Machi

Mke wangu mpenzi,

Tulia kwanza unisikilize. Mimi mwenyewe nimeshtuka kama wewe.

Picha ile haikutoka kwenye kopo. Mhariri aliichomoa kwenye boksi kubwa, lile la zilizokubaliwa, na ilikuwa imenyooka, haina mkunjo wowote. Nilipoiona pale nikadhani mama amebadili mawazo na nyinyi wawili mmeamua kunishtua. Nilifurahi, ndipo nikaandika yale maneno, kwa kuamini ndivyo anavyojisikia sasa. Barua yako ya pili ya Februari ilifika jalada limeshapita. Niliogopa kukwambia, hilo ni kosa langu na nalikubali.

Lakini fikiria vizuri, mpenzi. Kipindi kile ulikuwa hulali, unamuuguza mama mchana kutwa, unasafisha picha huku unapika uji. Je, haiwezekani hii ulisahau kuikunja? Ukaichanganya na nyingine? Silaumu. Mtu aliyechoka husahau.

Gazeti limeshatoka, samahani, sikuwahi. Ila huko kwetu halifiki kwa wengi.

Wako,
Maneno


Nyumbani, 14 Machi

Maneno,

Nilitaka kukuamini, Mungu shahidi. Kutwa nzima nilijiuliza kama kweli nilisahau. Nilikumbuka uji ulioungua, dawa niliyompa mara mbili, funguo nilizoziweka kwenye sukari. Nikasema labda. Labda ni mimi niliyemuuza mama yangu kwa uchovu. Nikakuandikia barua ya kukuomba radhi, ilikuwa imebaki kufungwa tu.

Kisha nikalipeleka jalada dirishani kwenye mwanga. Juu, upande wa kulia, pale ukuta wa chumba cha mama unapoingia kwenye giza la mlango, kuna mstari mweupe wa mshazari, mwembamba kama uzi. Mhariri ataona ni mkwaruzo. Mimi naujua. Ni ukucha wangu.

Picha ambayo haikukunjwa haina kovu, mume wangu. Hiyo ilikunjwa, na mtu akaikunjua, akaipigapiga mpaka ikalala. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yako imenishangaza kwa ufupi wake, imeishia kwenye jalada la kitabu chako mwenyewe. Umemfanya mama hivyo, kisha ukanigeukia mimi ukaniambia nimechoka, nimesahau! Hilo la pili sijui nitaliweka wapi.

Na ujue gazeti limefika. Muuguzi mmoja aliyefunzwa kazi na mama alikuja nalo Jumanne, machozi yanamtoka, akamkumbatia, "Pole, Matroni, pole, hatukujua." Zamani mwanamke huyo hata kikombe alikuwa hakiweki mezani kwa sauti mbele ya mama. Mama akachukua gazeti, akalitazama, akalikunja, akamshukuru, akamsindikiza mpaka mlangoni. Tangu siku hiyo hajasema nami. Anajipaka mafuta mwenyewe na mlango kaufunga kwa ndani. Nikigonga anasema, "Nimeshamaliza." Picha niliipiga mimi, niliisafisha mimi. Atamdhania nani mwingine? Nami nimenyamaza, kwa sababu nikijitetea lazima nikutaje, na mdomo unakataa.


Mjini, 19 Machi

Picha,

Basi. Sitakudanganya tena.

Kopo nililibeba kwa kukusudia. Picha niliikunjua mwenyewe, nikailaza chini ya kamusi wiki nzima. Niliiweka mezani kwa mhariri siku ya kwanza tulipokutana, kabla hata hajaniuliza. Yale maneno nayo ni ya kwangu. Nimeona haya sana kuyaandika haya, lakini ndiyo ukweli wenyewe.

Sasa nisikilize na upande huu. Tumezunguka nchi hii kwa miguu na baiskeli, tumelala kwenye maghala ya watu, wewe na mashine yako ya picha, mimi na kalamu yangu, tangu tulipooana. Nani anatujua? Hakuna. Wachapaji wangapi waliturudishia boksi bila hata kulifungua? Wafyatua matofali kila mtu anao. Uso wa mama hakuna aliye nao. Nilijua tangu pale kwenye kamba kwamba ile ndiyo itakayotubeba, na nilijua utakataa, kwa hiyo sikukuuliza. Wahenga wamesema mficha uchi hazai. Siku moja mama atajivunia, wewe subiri uone. Watu watamwandikia barua.

Mhariri ameniita leo. Bila sahihi yako kitabu kinakufa, na amechoka kungoja. Naomba utie sahihi. Nitapiga magoti ukitaka, nikirudi. Aibu imeshatoka, maji yakimwagika hayazoleki, tubaki basi na kitabu angalau. Mama atazoea.

Mumeo,
Maneno


Nyumbani, 24 Machi

Mkwe wangu,

Salamu. Mkeo aliiacha barua yako mezani, sijui kwa kusahau au kwa kukusudia. Miwani yangu bado inafanya kazi, nimeisoma.

Nilikuwa nakuona kama mwanangu wa kumzaa. Siku niliyorudi kutoka hospitali ulinibeba kutoka garini, kilemba kikadondoka, nawe ukageuza uso pembeni mpaka nilipojifunika. Nilijisemea, binti yangu kaolewa na mtu. Kumbe ulikuwa unangojea nafasi ya kuchungulia vizuri.

Umenilisha maneno kwamba sina cha kuficha tena. Ninacho, mkwe wangu, tena kingi. Nimewavua watu nguo katika kazi yangu, wakubwa kwa wadogo, na hakuna hata mmoja niliyemgusa kabla sijavuta pazia. Mtu akiwa hoi ndipo pazia lina kazi. Wewe umelivuta upande wa pili, kisha ukaandika kwamba mgonjwa ndiye aliyeomba.

Unasema mficha uchi hazai. Mimi nimeshazaa. Niliyemzaa nilikupa wewe.

Yeye anadhani nimemkasirikia. Nilimwona kwa macho yangu akiikunja ile picha, tena aliipiga ukucha mara mbili. Sikumdhania hata kidogo. Nimenyamaza kwa sababu nikifumbua mdomo nitamtukana mume wa mtu mbele ya mkewe, na sikulelewa hivyo. Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe. Sasa umesema, na ulichosema ni kwamba nitazoea.

Leo nitamwita anipake mafuta.

Mama mkwe wako,
Matroni


Nyumbani, 2 Aprili

Maneno,

Mama aliniita chumbani. Akakaa ukingoni mwa kitanda, pale pale, akavua kilemba, akasema, "Nilikuona ukikunja. Ulidhani nimesahau?" Nililia mpaka chupa ya mafuta ikaniponyoka. Akanigombeza kwa kuchafua shuka. Sijawahi kugombezwa nikafurahi namna ile.

Kesho yake nilitoka na boksi la nakala zilizobaki nyumbani, nikapita kwa watu wote wa kitabu mmoja mmoja. Sikwenda kuwaomba kitu. Nilikwenda kwa sababu tangu mwanzo tuliwaahidi kuwaeleza kila kinachobadilika, na hiki kimebadilika. Nikawaeleza tu: kuna mtu alikataa, na picha yake imetoka. Wakauliza ni nani, nikasema mama yangu. Wakauliza aliyeitoa ni nani, nikasema mume wangu. Mara ya kwanza nilijikwaa kwenye neno "mume". Nilipofika kwa kinyozi lilikuwa linatoka lenyewe.

Mfyatua matofali aliacha tope lake. Akasema, "Kama mama mkwe wake hakusalimika, mimi nitasalimika kwa lipi?" Akaomba picha yake akaikunja na mikono ya tope, alama za vidole utaziona. Fundi viatu aliulaza mkunjo kwa nyundo. Kinyozi alikumbusha kwamba alitufukuza mwanzo kabisa, na kwamba hakupaswa kukubali tuliporudi, akaikunja yake. Muuza nafaka hakuwa na cha kukunja, yake ilishakunjwa, lakini alifunga mizani akaja nami kwa wengine. Kikulacho ki nguoni mwako, alikuwa anarudia njiani, mpaka nikamwomba aache.

Wote wamekunja. Zimo ndani ya bahasha hii. Mhariri nimemwandikia ukweli nikamrudishia karatasi yake bila sahihi. Ametaka radhi, gazeti litarudisha nakala zake zilizobaki, na tanuri la mfyatua matofali litazichoma. Kitabu hakipo tena. Kilikuwa cha kwangu pia, usifikiri sikukililia. Ni sisi wawili tunaojua kilikuwa kizuri kiasi gani.

Nguo zako na vitabu vyako viko kwa fundi viatu, amekubali kuvitunza mpaka upate pa kukaa. Ukija kumwomba mama radhi, bisha kwanza, usubiri ujibiwe. Asipojibu, ondoka.

Mwisho kabisa wa bahasha utakuta picha yetu, ile ya kuwekwa nyuma ya kitabu, wewe na kalamu sikioni, mimi na mashine kifuani, tunacheka kwa sababu mama ndiye aliyetupiga na alikuwa ametuamuru tusicheke. Pembe yake nimeikunja mimi, kwa ukucha uleule.

Usiilaze chini ya kamusi. Mstari hautoki.

Mpiga picha